Mashine ya mpakani ilishindwa kusoma vidole vya mama yangu: kosa ni la nani, na alama zake zimebaki wapi?

Binti_Mfuatiliaji

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba msaada wa wale wanaoifahamu mifumo ya bayometriki, yaani ya kumtambua mtu kwa vidole, sura au macho, inayotumika mipakani, iwe kwa kazi, kwa sheria au kwa uzoefu, kwa sababu jambo lililompata mama yangu limeninyima utulivu kwa wiki kadhaa na bado sijapata mtu wa kunieleza kwa undani.

Mama ana miaka 71 na maisha yake yote amefanya kazi za mikono. Miezi miwili iliyopita tulisafiri pamoja kwenda kumwona ndugu yangu anayeishi ughaibuni. Viza alikuwa nayo, pasipoti yake ni ya kielektroniki na haijaisha muda, na barua ya mwaliko tuliibeba. Tulipofika kwenye dawati la uhamiaji aliambiwa aweke vidole vinne vya mkono wa kulia juu ya kioo. Mashine ikakataa. Akaambiwa afute mikono, abonyeze zaidi, alegeze kidogo, ajaribu mkono wa kushoto, kisha vidole gumba. Ilipofika mara ya saba au ya nane, afisa aliacha kumtazama mama usoni akawa anaitazama skrini tu, halafu akamwita mwenzake, na mama akapelekwa kwenye chumba cha pembeni ambako alikaa saa tatu bila mimi kuruhusiwa kuingia.

Hakutukanwa wala hakuguswa, na mwishowe aliruhusiwa kuingia. Lakini usiku ule aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mwanangu, ina maana wamesema vidole vyangu si vyangu?"

Ninaomba kuelewa mambo haya. Mashine inaposhindwa kusoma vidole, huwa imesema nini hasa juu ya mtu? Kama kosa si la msafiri, kwa nini ni msafiri ndiye anayekalishwa chumbani? Na zile picha za vidole zilizochukuliwa mara nane, hata kama zilikuwa mbaya, zimekwenda wapi, nani anaziona, na zitakaa huko kwa muda gani? Mama anatamani kusafiri tena mwakani, mjukuu wake atakapozaliwa, na sitaki arudi kwenye chumba kile.

Fundi_wa_Vihisio

Dada, pole sana, na tafadhali umfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi ya kufunga na kutunza mitambo ya aina hii kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo nitajibu upande wa mashine na kuwaachia wengine upande wa sheria.

Mwambie mama kwamba hakuna aliyesema vidole si vyake. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na kwa bahati mbaya hata baadhi ya maafisa huyachanganya. La kwanza ni mashine kushindwa kupata picha inayofaa. La pili ni mashine kupata picha inayofaa, kuilinganisha na ile iliyohifadhiwa, kisha kuona kwamba hazifanani. Lililompata mama ni la kwanza, na katika hali hiyo mashine haina ushahidi wowote juu ya mtu aliyesimama mbele yake. Ni kama mizani ambayo haikuwashwa: haijasema kwamba mzigo ni mwepesi, kwa sababu haijapima.

Kisomaji cha kawaida cha vidole hupitisha mwanga ndani ya kioo na kupiga picha ya mahali ambapo ngozi imegusa na mahali ambapo haikugusa. Matuta madogo ya ngozi hugusa kioo, mifereji iliyo katikati yake haigusi, na tofauti hiyo ndiyo inayochora mistari. Programu hutafuta mahali ambapo mistari inakatika na mahali ambapo inagawanyika panda mbili, hupima nafasi na mwelekeo wa kila alama, na kutengeneza kiolezo, yaani orodha ya namba. Kinacholinganishwa kwa kawaida ni violezo hivyo. Ngozi ya mtu mzima hupoteza unyevu na ulaini, na mikono iliyofanya kazi nzito kwa miaka mingi huwa na matuta yaliyolika na mikwaruzo midogo inayokatisha mistari pasipostahili. Kufuta mikono kwa kitambaa chenye spiriti, jambo ambalo maafisa wengi hulishauri, humsaidia mtu mwenye jasho lakini humdhuru mwenye ngozi kavu. Mama akipaka mafuta kidogo mikononi dakika chache kabla ya kufika dawatini, kisha akafuta yaliyozidi, mara nyingi picha hutoka vizuri zaidi.

Mama si wa kwanza. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Annals of Oncology lilichapisha habari ya mgonjwa wa saratani kutoka Singapore ambaye, mwezi Desemba 2008, alizuiwa kwa saa nne alipokuwa akiingia Marekani kwa sababu hakuwa na alama za vidole zinazosomeka. Dawa aliyokuwa akitumia, kapesitabini, ilikuwa imemchubua ngozi ya viganja hadi matuta yakafutika. Wapo pia watu wachache sana wanaozaliwa bila alama za vidole kabisa; mwaka 2011 wanasayansi walionyesha kwamba hali hiyo hutokana na badiliko katika jeni inayoitwa SMARCAD1, na kabla ya hapo daktari wa ngozi wa Uswisi, Peter Itin, alikuwa ameipa hali hiyo jina lenye maana ya ugonjwa wa kucheleweshwa uhamiaji, baada ya kukutana na mwanamke aliyepata shida mpakani kwa sababu hiyo. Ninataja mifano hii kwa sababu watengenezaji wote wanaijua. Kila mfumo unaojengwa hujengwa kwa kufahamu kwamba kuna sehemu ya watu ambao hautawasoma, na mkataba mzuri wa ununuzi huainisha wazi nini kifanyike juu yao. Pale ambapo jambo hilo halikuandikwa, hujazwa na chumba cha pembeni.

Nina swali moja kwako. Viza ilipoombwa, mama alichukuliwa alama za vidole? Na kama alichukuliwa, zilipatikana kwa urahisi? Ninauliza kwa sababu mara nyingi tatizo huzaliwa siku ile ya kwanza, na mpakani huwa linaonekana tu.

Binti_Mfuatiliaji

Ahsante sana, kaka. Ndiyo, alichukuliwa kwenye kituo cha maombi ya viza. Walihangaika naye kwa muda, na msichana aliyekuwa akihudumia akasema "hii inatosha" baada ya jaribio la tano. Wakati ule nilishukuru kwamba hakutusumbua zaidi.

Fundi_wa_Vihisio

Basi hapo ndipo pa kutazama. Sampuli ya kwanza ikiwa dhaifu, kila ulinganisho unaofuata hubeba udhaifu ule ule, hata kama kisomaji cha mpakani ni bora kuliko cha kituoni.

Niongeze jambo jingine, maana huenda ndilo lililochukua zile saa tatu. Mashine hufanya kazi mbili tofauti. Uhakiki ni kulinganisha mtu mmoja na rekodi moja: je, huyu ndiye aliyepewa viza hii? Utambuzi ni kulinganisha mtu mmoja na rekodi zote zilizopo: je, huyu amewahi kuonekana popote, kwa jina lolote? Kazi ya pili ni ngumu zaidi kwa mbali. Tuseme mfumo unakosea mara moja tu katika kila ulinganisho 10,000, yaani unaona mfanano ambao haupo. Katika uhakiki hilo ni kosa dogo. Lakini ukimlinganisha msafiri mmoja na rekodi 1,000,000 kwa kiwango hicho hicho, tarajia majina 100 yasiyo yake. Ndiyo sababu mifumo mikubwa hutumia vidole vyote kumi badala ya kimoja au viwili, na ndiyo sababu kizingiti cha kukubali mfanano huinuliwa sana. Kizingiti kikiinuliwa, wageni wanaopita kwa kufananishwa na wengine hupungua, lakini wenyewe halali wanaokataliwa huongezeka. Hakuna mahali pa kuweka kizingiti ambapo makosa yote mawili hutoweka. Mtu fulani ofisini amechagua ni kosa lipi libebwe zaidi, na kwa kawaida huchagua lile linalobebwa na msafiri.

Mzee_wa_Mihuri

Binti yangu, mimi ni afisa uhamiaji mstaafu. Nilianza kazi wakati ambapo zana zetu zilikuwa muhuri, kitabu cha majina na macho yetu wenyewe, na nikamaliza nikiwa mbele ya skrini. Nimesoma habari ya mama yako mara mbili, na nimesikitika kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wa dawati hilo.

Naomba kwanza niseme kwa nini serikali zinaitaka teknolojia hii, maana zipo sababu za kweli. Pasipoti ya kughushi tulijifunza kuikamata. Iliyotushinda ni pasipoti halali mikononi mwa mtu asiye mwenyewe: ameiazima kwa ndugu wanayefanana, au ameinunua kwa aliyeiiba. Tulijiamini kwamba macho yetu yangemjua. Mwaka 2014 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya na maafisa wa pasipoti wa Australia, ambapo maafisa walitazama mtu aliyesimama mbele yao na picha, wakaulizwa kama ni mmoja. Walikubali picha ya mtu mwingine katika takriban asilimia 14 ya mara walizopewa picha isiyo yake, na waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi hawakuwa bora kuliko waliofika juzi. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kujiamini.

Vilevile, mtu aliyefukuzwa nchini anaweza kubadili jina, tarehe ya kuzaliwa na hata uraia, akarudi na karatasi safi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kupiga picha za mboni za macho mipakani mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na wengi walikamatwa. Lakini sikiliza pia kilichofuata: baadhi ya wasafiri walianza kutia macho dawa ya kupanua kiini cha jicho ili mashine isiwatambue, na ikabidi uwekwe utaratibu wa kuangalia macho yaliyopanuka isivyo kawaida. Hivyo ndivyo mpaka ulivyo. Aliye na nia mbaya hutafuta njia ya kumpita mlinzi mpya, na mara nyingi huipata. Anayenaswa pasipo sababu ni yule ambaye hakujua kwamba kuna jambo la kukwepa, kama mama yako.

Sasa, kuhusu yule afisa kuacha kumtazama mama na kuitazama skrini. Sitamtetea, ila nitakueleza. Skrini ikiwa nyekundu, afisa kijana akimruhusu mtu apite kwa uamuzi wake mwenyewe na baadaye tatizo likatokea, jina lake ndilo litakalosomwa kwenye kumbukumbu. Akimpeleka chumba cha ukaguzi wa hatua ya pili, hakuna atakayemuuliza, hata kama msafiri alikuwa na haki yote ya kupita. Kwa hiyo mashine ambayo, kama alivyoeleza ndugu yetu fundi, haikusema lolote, hugeuka kuwa amri. Katika kituo changu cha mwisho msimamizi wetu alitoa agizo lililobadilisha mambo: vidole vikishindwa mara tatu, afisa aache, afungue picha iliyomo kwenye chipu ya pasipoti, amtazame msafiri, amuulize maswali ya safari yake hapo hapo dawatini, na aandike sababu kwa maneno yake mwenyewe. Foleni haikurefuka. Wazee hawakukaa tena chumbani. Hilo halikuhitaji fedha wala mashine mpya. Lilihitaji mkubwa aliyekuwa tayari kusema kwamba akikosea afisa wake, atakosea naye.

Kwa safari ijayo, mama abebe barua ya daktari inayosema kwamba ngozi ya vidole vyake imelika na kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Ule mkasa wa mgonjwa wa saratani uliotajwa hapo juu uliwafanya madaktari wake washauri jambo hilo hilo. Abebe pia kumbukumbu yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kuingia na kutoka kwa wakati. Na aombe kwa upole, mapema, kabla ya kuweka mkono kwenye kioo, kwamba vidole vyake huwa havisomeki. Ukilisema kabla ni taarifa. Ukilisema baada ya jaribio la nane linasikika kama utetezi.

Mpenda_Hesabu

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa heshima, na ninajiuliza kama suluhisho si kuachana na vidole na kutumia sura. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilichagua sura tangu mwaka 2003 kuwa alama ya lazima katika pasipoti za kielektroniki, na vidole na mboni vikabaki kuwa hiari ya kila nchi. Kila mtu ana sura, haihitaji kugusa kioo, na kila pasipoti ya aina hiyo tayari ina picha ndani ya chipu iliyotiwa saini ya kidijitali na nchi iliyoitoa.

Fundi_wa_Vihisio

Ndugu, kwa mama huyu sura ingemfaa zaidi, nakubali. Lakini sura ina kasoro zake, na zinawahusu wengi wetu tunaosoma hapa. Mwezi Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya majaribio ya programu 189 za kutambua sura, kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18 za watu zaidi ya milioni 8. Katika programu nyingi, kosa la kumfananisha mtu na mwingine asiye yeye lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na mara nyingi tofauti ilikuwa kati ya mara 10 na mara 100 kulingana na programu. Lilikuwa kubwa zaidi pia kwa wanawake kuliko wanaume, na kwa wazee na watoto kuliko watu wa makamo. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba programu zilizo sahihi zaidi zilikuwa na tofauti ndogo sana, kwa hiyo si jambo lisiloepukika. Ni suala la nani aliyenunua nini, na kama aliuliza kabla ya kununua. Ninaposhiriki katika zabuni huwa nauliza matokeo yaliyogawanywa kwa umri, jinsia na asili ya watu watakaopita kwenye mpaka husika. Mara nyingi ninakuwa peke yangu ninayeuliza.

Kuna pia udanganyifu wa kuchanganya sura. Picha za watu wawili huunganishwa kwa kompyuta ziwe picha moja inayofanana na wote, mmoja huitumia kuombea pasipoti halali, kisha wote wawili wanaweza kupita nayo kwenye lango la kielektroniki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walilionyesha hilo tangu mwaka 2014. Dawa yake nyepesi ni ofisi ya pasipoti kumpiga picha mwombaji yenyewe badala ya kupokea picha aliyokuja nayo. Unaona kwamba tunarudi pale pale: siku ya kwanza ndiyo inayoamua.

Wakili_wa_Faragha

Salamu kwenu. Nitashughulikia swali la tatu la Binti_Mfuatiliaji, ambalo naona halijaguswa, na ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko lile la saa tatu, ingawa saa tatu ndizo zinazouma.

Kuhifadhi alama ndani ya pasipoti ya mtu ni jambo moja, na kuzihifadhi kwenye kanzidata ya serikali ni jambo jingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Schwarz dhidi ya mji wa Bochum, iliamua kwamba kuweka alama za vidole kwenye pasipoti kunaingilia faragha lakini kunakubalika, na katika kufikia uamuzi huo ilizingatia kwamba kanuni husika ilizungumzia alama zinazokaa ndani ya pasipoti yenyewe, ambayo hubaki mikononi mwa mwenyewe. Miaka mitano kabla ya hapo, katika kesi ya S. na Marper dhidi ya Uingereza, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa kubakizwa bila kikomo kwa alama za vidole na vinasaba vya watu ambao hawakutiwa hatiani. Kwa hiyo maswali ya kuuliza daima ni haya: zimekaa wapi, kwa muda gani, kwa kusudi gani, na nani mwingine anayezifikia?

Hilo la kusudi ndilo linaloteleza kwa urahisi zaidi. Eurodac, kanzidata ya Umoja wa Ulaya ya alama za vidole za waomba hifadhi, ilianza mwaka 2003 kwa kazi moja, kujua ni nchi gani ya Ulaya inayopaswa kushughulikia ombi la mwomba hifadhi. Tangu mwaka 2015 polisi nao wanaweza kupekua humo katika uchunguzi wa makosa makubwa. Hakuna mwomba hifadhi wa mwaka 2003 aliyeulizwa kama alikubali hilo. Kenya nayo ina mfano unaopaswa kukumbukwa: raia wake, wengi wao wenye asili ya Kisomali, ambao nyakati za njaa walijiandikisha kwenye kambi za wakimbizi ili wapate chakula, walipokwenda miaka baadaye kuomba vitambulisho vya taifa walikataliwa kwa sababu alama zao zilikutwa kwenye kanzidata ya wakimbizi. Mashine ilisema kweli, kwamba alama zilikuwa zao. Hitimisho lililotolewa kutokana na kweli hiyo ndilo lililowanyima uraia wao.

Usalama wa kuhifadhi ni jambo jingine. Mwaka 2019 mamlaka ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani ilitangaza kwamba picha za wasafiri zilizopigwa kwenye kituo cha mpakani ziliibwa, baada ya mkandarasi mdogo kuzinakili bila idhini kwenye mtandao wake mwenyewe. Nenosiri likiibwa hubadilishwa. Vidole na uso havibadilishwi.

Sasa ya mama. Kwa kuwa hukuitaja nchi, na sikuombi uitaje hapa, nitakupa mfano wa mfumo mpya wa Umoja wa Ulaya wa kusajili wanaoingia na kutoka, ulioanza kazi tarehe 12 Oktoba 2025. Kanuni yake, ya mwaka 2017, inasema rekodi ya msafiri wa kawaida hutunzwa kwa miaka 3 tangu alipotoka mara ya mwisho. Inasema pia kwamba watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, na, hili likusaidie, kwamba mtu ambaye kimaumbile haiwezekani kumchukua alama za vidole anasamehewa takwa hilo. Mfumo wa Marekani wa kuchukua alama za wageni wanaoingia, US-VISIT, ulipoanza mwaka 2004 uliwaacha nje walio chini ya miaka 14 na waliozidi miaka 79. Maana yake ni kwamba watunga sheria walijua, na mara nyingi msamaha umo kwenye kanuni. Afisa asipoutumia, msafiri anaweza kuudai.

Nakushauri uandike barua mbili. Ya kwanza iende kwa mamlaka ya uhamiaji ya nchi hiyo, ukiomba nakala ya taarifa zote za mama zilizohifadhiwa siku ile, pamoja na maelezo ya kilichoandikwa kuwa sababu ya kupelekwa ukaguzi wa pili. Ikiwa kimeandikwa kitu kama "utambulisho haukuthibitishwa", omba kirekebishwe kisomeke kwamba alama hazikuweza kuchukuliwa kutokana na hali ya ngozi. Maneno hayo machache ndiyo atakayoyasoma afisa wa mwakani. Ya pili iende kwenye kituo kilichopokea maombi ya viza, kuomba achukuliwe alama upya kwa utulivu, au ieleweke rasmi kwamba hazichukuliki. Usipojibiwa ndani ya muda uliowekwa na sheria yao, nchi nyingi sasa zina mamlaka ya kulinda taarifa binafsi ambayo hupokea malalamiko hata ya asiye raia. Barani Afrika, Mkataba wa Malabo wa mwaka 2014, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi, ulioanza kutumika mwaka 2023, unataka nchi wanachama ziwe na mamlaka ya namna hiyo.

Mzee_wa_Mihuri

Ninaunga mkono barua ya kwanza kwa nguvu zote. Tulipofungua rekodi ya msafiri, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa maelezo ya mara iliyopita, na mengi yaliandikwa kwa haraka mwisho wa zamu. Neno "haikuthibitishwa" likikaa pale, afisa anayefuata humpokea mtu akiwa tayari na shaka.

Binti_Mfuatiliaji

Shikamoo, Mzee, na ahsanteni nyote kwa muda wenu. Jana nilimsomea mama majibu haya. Aliposikia habari ya mgonjwa wa saratani alinyamaza, kisha akaomba nirudie pale kaka fundi aliposema kwamba mashine haikuwa imepima.

Barua ya uhamiaji nimeshaianza. Nina swali moja kwa Wakili: mama hasomi lugha ya nchi ile na angependa kuitia barua saini mwenyewe badala ya mimi kuandika kwa niaba yake. Saini yake huwa ni alama ya dole gumba. Je, wataikubali?

Wakili_wa_Faragha

Wengi huikubali ikishuhudiwa na wakili au mthibitishaji wa viapo, pamoja na nakala ya pasipoti. Ambatanisha pia tafsiri iliyothibitishwa na barua ya daktari. Na ikiwa dole gumba litatoka hafifu kwenye karatasi, msilirudie. Liacheni lilivyo, kisha mthibitishaji aandike pembeni kwamba aliliona likiwekwa.